Besi Anavuka na Taa

Jumatano, 1 Novemba

Leo nimepandwa na mtumbwi. Sitii chumvi. Pua ya mtumbwi wa mzee Manirambona imepanda juu ya pua ya kayaki yangu, katikati ya Malagarasi, saa moja na nusu jioni, na mbuzi wake akaniangukia mapajani. Mbuzi mzima, mwenye pembe. Tukatazamana, yeye na mimi, wote tukiwa hatujui la kufanya.

Mzee hakuomba radhi. Aliuliza ni nani huko chini. Nikasema ni mimi, Venanti, fundi cherehani. Akasema alidhani ni gogo. Gogo! Kisha akaanza mahubiri: koti jeusi, chombo cha rangi ya kijani iliyoiva, maji meusi, jua limeshazama — sasa mwenye kosa ni nani? Kuanzia Ijumaa mwalo wake, pale mitumbwi inapoegeshwa, haupokei chombo kisicho na taa baada ya magharibi. Yeye ndiye mwenyekiti wa mwalo, akisema imesemwa. Nikamuuliza taa ya mtumbwi wake iko wapi. Akasema yeye ana mbuzi, na mbuzi analia.

Claudine anajua nilikwenda kuvua samaki. Nimerudi nimelowa hadi kiunoni, sina samaki, nanuka beberu. Amenisogelea, akaninusa, akarudi jikoni bila neno. Huyu mke wangu akisema nalala vizuri. Akinyamaza ndipo nahesabu mabati ya dari.

Alhamisi, 2 Novemba

Acha niliandike, maana hakuna mahali pengine pa kulisema.

Mwezi wa tisa nilitolewa kwenye kwaya ya kigango chetu. Miaka kumi na moja ya besi! Aliyenitoa ni mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya ni Claudine, mke wangu wa ndoa. Alisema mbele ya watu wote, kwa upole kabisa: Baba Imma, pumzika kidogo, unatufunika. Nafasi yangu akapewa Nizigiyimana, ambaye sauti yake ni ya mtu anayebisha hodi kuomba chumvi.

Wiki mbili baadaye akaja Ntirampeba kushonesha suruali. Huyu ni mwalimu wa kwaya ya ng'ambo ya mto, upande wa Kibondo. Nilikuwa nampima huku naimba, kama kawaida yangu. Akasimama na tepu kiunoni, akasema: ndugu yangu, sisi kule hatuna besi kabisa, tuna waimbaji wanne wa sauti ya tena, na wote wana mafua.

Basi tangu mwezi wa kumi navuka kila Jumatano na Ijumaa. Tarehe 26, Sikukuu ya Kristo Mfalme, vigango vyote vinashindana parokiani. Sisi wa upande wa Kasulu na wale wa upande wa Kibondo, uso kwa uso. Nami nitasimama na wale. Miaka kumi na minane ya ndoa, kumi na moja ya kwaya, na siku zote tumeimba upande mmoja, mimi na Claudine. Akijua leo, nyumba haikaliki. Akijua siku yenyewe, sijui. Sitaki hata kufikiri.

Kayaki nimeipata kwa shemeji. Aliinunua kwenye mnada, shirika moja lilipofunga ofisi zake Kibondo. Hakujua ni chombo cha majini. Alidhani ni umuvure wa plastiki, lile hori la kukamulia ndizi za pombe. Na kwa kweli ukiitazama ni umuvure hasa: ndefu, imechongoka, ina bonde katikati. Akakamulia mikungu sita. Kumbe kitakoni ina matundu manne ya kutolea maji! Juisi yote ikaenda uani. Siku tatu nzima kuku wake walitembea kwa kuinua miguu juu juu. Nikambadilishia kwa suruali ya kitambaa.

Leo nimepanda hadi Kasulu mjini, dukani kwa Saady. Nikamwambia nataka taa. Akauliza, ya kuchimbia au ya kuvulia? Nikasema ya kuonekana. Akacheka mpaka akakaa. "Fundi, dunia nzima inanunua tochi ili ione. Wewe ndiye wa kwanza kununua ili uonwe." Amenipa tochi ya kufunga kichwani. Ina mwanga kama wa lori.

Ijumaa, 3 Novemba

Tochi ya kichwani ni balaa.

Kwanza, mwanga unakwenda unakotazama wewe. Nikitazama kafi, naona kafi peke yake. Nikitazama mbele, naona ukungu mweupe na wadudu. Pembeni ni giza tupu, tena giza zaidi ya lile la bila taa, maana macho yameshazoea mwanga. Nimeingia kwenye matete mara mbili.

Pili, wavuvi. Kulikuwa na mitumbwi mitatu pale kwenye kona, watu wanatandaza nyavu. Nyavu gani, sitaki kujua. Nilipogeuza kichwa kuwasalimia, taa ikawamulika mmoja baada ya mwingine. Nikasikia "Patroli!" Halafu chubwi, chubwi, nyavu zinatupwa majini, makafi yanapigwa kama twanga pepeta. Nikapaza sauti: ni mimi, fundi! Wakazidi kukimbia. Nadhani waliona hata askari wa wanyamapori siku hizi wanadanganya.

Tatu, mazoezini nilisahau kuizima. Kila niliyemtazama alifumba macho. Ntirampeba akadhani wameguswa na wimbo.

Wakati wa kurudi nikakumbuka kwamba mimi ni mvuvi. Mvuvi wa mwezi mzima asiye na samaki hata mmoja! Kwenye mwalo wa ng'ambo yuko Tunu, mwenyeji wa Ujiji, anauza samaki kwenye beseni. Nikamwambia anifungie wawili wazuri. Akauliza wa namna gani. Nikasema wowote, Dada Tunu, wenye macho.

Jumamosi, 4 Novemba

Migebuka! Amenifungia migebuka. Samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaokuja hapa kwa basi wakiwa ndani ya barafu. Mimi ni mtu wa nguo, nitajuaje? Samaki ni samaki.

Claudine aliwaweka mezani, mmoja huku, mwingine kule, akawatazama kwa muda mrefu.

"Baba Imma, hawa umewavua wapi?"

"Mtoni."

"Malagarasi hii?"

"Ndiyo."

"Ego," akasema, ile ndiyo ya kikwetu. "Na mabonge haya ya barafu waliyapata wapi?"

Nikasema mto siku hizi una baridi sana chini. Nimesema hivyo, mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ufundi. Akaitikia kwa kichwa, akawakaanga vizuri kwa nyanya na ndimu, tukala. Walikuwa watamu. Nimekula nikiwa nimeinamisha uso kwenye sahani kama mtuhumiwa.

Jumatano, 8 Novemba

Nimebadilisha. Taa ya solar, ile ya duara, juu ya kijiti mbele ya kayaki. Mikono huru, kichwa huru. Nilijiona nimeendelea.

Mvua ilinyesha mchana, ikakatika saa kumi na moja. Ningekuwa na akili ningejua. Kila mtu hapa anajua: mvua ya kwanza kubwa ikikatika jioni, unawasha taa nje, unaweka beseni la maji chini, unangoja kumbikumbi. Mimi niliweka taa, na beseni nikawa nimekaa ndani yake.

Walikuja wote. Wa Kasulu na wa Kibondo. Sijawahi kuona. Kwanza mmoja, wa pili, halafu ni kama mtu amemwaga gunia. Mdomoni, masikioni, ndani ya shati. Mabawa yananata usoni. Sikuona mto wala taa yenyewe. Na ukingoni watu wakaanza kupiga kelele, "Iswa! Iswa hizo!", yaani kumbikumbi, wanakimbia sambamba nami na ndoo na mabeseni, mama mmoja ameingia majini hadi magotini ananiamuru: fundi, leta taa huku! Mwingine anasema hapana, kaa hapo hapo, usitingishike!

Mazoezini sikufika. Nilizungushwa na wananchi kutoka ukingo huu hadi ule kwa saa nzima. Mzee Manirambona alinijia na mtumbwi, nikadhani anakuja kuniokoa. Alikuwa na sufuria.

Nimerudi na ndoo mbili zimejaa.

Alhamisi, 9 Novemba

Claudine amefurahi ajabu. Amewapepeta, amewakaanga kwa chumvi, amewagawia majirani, anasema tangu tuoane sijawahi kuleta kitu cha maana namna hii kutoka mtoni. Aliniita "mume wangu" mara mbili. Nilikula huku moyo unaniuma. Mtu anayekudanganya hastahili umkaangie.

Halafu akasema: kesho nakusindikiza. Atakaa ukingoni na beseni, mimi nitembeze taa.

Kesho ni Ijumaa. Mazoezi!

Ijumaa, 10 Novemba

Hakuna mvua. Jua kali tangu asubuhi, ardhi kama tofali. Claudine alitoka uani, akatazama mbingu, akasema basi, hawatatoka. Nikasema kwa huzuni kubwa, lo, basi. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikamshukuru Mungu.

Nimevuka bila kuwasha taa mpaka nilipofika mbali na nyumba. Kosa. Mtumbwi wa magunia ya mahindi umenipita karibu kiasi kwamba nimesikia mtu akitafuna muwa. Nimewasha haraka. Kwa kweli hii ndiyo taabu yangu yote: nikiwasha, naogopa kuonekana. Nikizima, naogopa kutoonekana.

Ntirampeba amenihamisha. Sasa nasimama nyuma ya nguzo ya kanisa, ile ya zege. Anasema sauti ikipita kwenye nguzo inapata uzito. Nimelitafakari jambo hili njia nzima. Nadhani ni heshima.

Jumapili, 12 Novemba

Misa. Nimekaa benchi la nne na waumini wa kawaida.

Kwaya yetu imeimba wimbo mpya, alioutunga Claudine mwenyewe kwa ajili ya tarehe 26. Sikuwa nimeusikia. Anautunga jikoni, na mimi jikoni siku hizi napita haraka. Ni mzuri. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia: ni mzuri mno. Soprano wanapanda taratibu, alto wanawafuata, tena wanajibu, halafu panakuja mahali ambapo lazima besi iingie chini, iwabebe wote. Nizigiyimana akaingia. Akaomba chumvi.

Mikono yangu ilikamata benchi la mbele. Mama aliyekaa hapo aligeuka kunitazama.

Claudine alikuwa anaongoza, mgongo wake kwetu. Niliona mabega yake yakishuka kidogo pale pale. Watu wengine hawakuona. Mimi nimemshonea magauni miaka kumi na minane, mabega yake nayajua.

Jumatano, 15 Novemba

Nimepata! Naandika nikiwa bado na viatu vya matope.

Kijiti nimekihamishia nyuma ya mgongo wangu, kirefu kupita kichwa. Taa haipo machoni tena. Juu yake nimevika kidumu cheupe cha mafuta ya kupikia nilichokata kitako, kwa hiyo mwanga hauchomi, unatulia pande zote, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Anayekuja kutoka popote ananiona. Tochi ya kichwani naivaa shingoni, imezimwa, ya kumwonyesha mtu ikibidi. Na nimefumua kizibao cha bodaboda, nikashona ile mistari yake inayong'aa kwenye mabega ya koti langu, na mingine nikaizungushia ncha mbili za kafi. Mshono wa mara mbili, uzi wa nailoni. Kazi safi, ningeweza kuipeleka kwenye maonyesho.

Kafi likipanda na kushuka linametameta. Bwana mmoja ukingoni alinipungia mkono. Nikapiga kafi, akapunga. Nikapiga tena, akapunga tena. Tumesalimiana hivyo hadi kona.

Na macho yangu yanaona! Nyota, matete, mitumbwi ya wengine. Niliimba njia nzima ya kurudi, sehemu yangu yote ya wimbo wa Ntirampeba, mwanzo hadi mwisho. Nani atanisikia katikati ya mto? Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Mzee Manirambona aliikagua taa, akaizunguka kayaki mara mbili, akasema sasa umekuwa mtu, sasa unaonekana. Kisha akaanza kucheka peke yake. Nikauliza nini. Akasema hakuna, fundi, lala salama.

Claudine naye nilimkuta anaingia tu nyumbani, kitenge kimelowa chini. Nikauliza alikuwa wapi. Akasema kwa jirani. Sikuuliza tena, maana nami nisingependa kuulizwa.

Ijumaa, 17 Novemba

Nitaandika polepole.

Kulikuwa na mawingu siku nzima, taa haikupata chaji. Nilijua, nikajidanganya. Wakati wa kurudi, nusu ya mto, ikafifia, ikawa rangi ya chai, ikazimika. Nikashika tochi ya shingoni. Betri zimekufa, niliisahau inawaka tangu mchana.

Giza. Hakuna mwezi. Nikamsikia kiboko akipumua mahali fulani, sijui mbali, sijui karibu. Na kutoka juu ya mto nikasikia makafi mengi, mtumbwi mkubwa, ule wa kubeba mbao, unashuka na maji. Mtumbwi wa mbao hausimami. Sikuwaona, na kama mimi siwaoni, wao wanione kwa lipi? Nilitaka kupiga kelele. Neno "jamani" halikutoka. Kilichotoka, sijui kwa nini, ni besi. Mstari wa kwanza wa wimbo wa Ntirampeba, kwa nguvu zangu zote, ile sauti niliyofukuziwa.

Kutoka gizani mtu akajibu, ametulia kabisa: "Fundi, kaa kushoto, sisi tunapita kulia."

Na mwingine, kutoka kwenye matete: "Leo taa imezimika, Venanti? Endelea kuimba, tunakufuata kwa sauti."

Nikaimba. Mtumbwi wa mbao ukapita, mmoja wao akanisaidia kwa sauti ya tena hadi mwisho wa ubeti. Anaujua wimbo! Mtu wa mbao!

Nilifika mwaloni. Mzee Manirambona alikuwepo. Nikamuuliza, watu hawa wamejuaje ni mimi? Akaniangalia kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma.

"Fundi, sauti juu ya maji haina ukuta. Tangu mwezi wa kumi tunakusikia, ukienda na ukirudi, isipokuwa siku ile ya mbuzi, hukuimba. Tunajua umeongezewa mistari miwili. Taa niliyokuagiza ni kwa ajili ya wageni."

Nikasema kwa sauti ndogo: na mke wangu?

Akanyoosha kidole kwenye jiwe lililo kando ya matete. "Mama Imma hukaa pale kila Jumatano na Ijumaa. Akisikia umevuka katikati, anaondoka mbele yako."

Jumamosi, 18 Novemba

Asubuhi Claudine ameuliza: samaki jana?

Nikasema hawakushika.

Akasema pole.

Akanimiminia uji. Nikaunywa. Ulikuwa wa moto mno, nikaunywa hivyo hivyo.

Anajua. Najua kwamba anajua. Sijui kama anajua kwamba najua. Mchana nimeshona mkono wa kushoto wa shati mahali pa mkono wa kulia, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi.

Jumatano, 22 Novemba

Asubuhi habari imeenea: Nizigiyimana amekwenda Kabanga, mama yake amelazwa hospitali, hatarudi kabla ya wiki mbili. Kwaya ya Claudine haina besi. Siku nne zimebaki. Nilingoja aseme. Alifagia uani, akafagia tena pale pale alipofagia.

Jioni nikavuka. Sare ya Kibondo imenikaa vizuri, niliishona mwenyewe. Ntirampeba amenitoa nyuma ya nguzo. Anasema sasa nimejifunza kusikiliza wenzangu, ninaweza kuonekana. Kumbe nguzo haikuwa heshima! Ningekasirika, lakini ni kweli. Nyuma ya nguzo ile, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, niliwasikia alto wanaimba nini.

Kurudi sikuimba. Taa inawaka vizuri, kafi linametameta, mdomo nimeufunga. Nilikuwa na aibu. Nilipokaribia nikamwona kwenye jiwe lake, kitenge kichwani. Mara hii hakuondoka. Aliingia majini akaishika kayaki puani.

"Mbona leo hukuimba?"

Nikasema, nani, mimi?

"Wewe Venanti. Taa naiona inakuja, sauti siisikii. Nimedhani taa inakuja peke yake na wewe umebaki huko chini."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sijamwona Claudine akitetemeka tangu alipojifungua Immakulata. Nilitoka kwenye kayaki nikasimama majini mbele yake, sina pa kuweka mikono.

"Kumbe unajua," nikasema.

"Mto mzima unajua. Ule wimbo wao nimeshaukariri besi yote. Na soprano zao zinapanda mno, mwambie Ntirampeba."

"Kwa nini ulinitoa?"

"Ulikuwa unaimba kana kwamba sisi wengine hatupo. Nilisema pumzika, Baba Imma. Sikusema uhame wilaya."

Nikauliza kwa nini anakaa pale na umande. Akasema nikiimba anajua niko juu ya maji, basi. Tena hajui kuogelea, sijui alidhani angenisaidiaje.

Nilingoja aniombe nirudi. Yeye, nadhani, alingoja nijitolee. Kila mmoja ana kichwa chake. Mwishowe alishika kayaki mbele, mimi nyuma, tukaibeba hadi nyumbani. Taa ilikuwa bado inawaka juu ya kijiti. Majirani walitoka milangoni kutazama ni maandamano gani.

Ijumaa, 24 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Ntirampeba aliniita pembeni, kwa heshima.

"Ndugu yangu, nasikia besi wa kwenu amekwenda Kabanga. Mimi siingii kwenye nyumba ya mtu. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tutakungoja hapa mwaloni. Ukija, twende. Usipokuja, tutaimba na hawa wenye mafua, Mungu anawajua."

Kama angenikaripia ningejua la kufanya. Watu ishirini na wawili wamenipikia ugali miezi miwili, wamenipa mistari miwili ya peke yangu. Nitawaachaje? Na wale wengine niliimba nao miaka kumi na moja. Nitawatazamaje?

Nimeimba wakati wa kurudi. Kwa sauti ya kiasi. Claudine alikuwa kwenye jiwe. Tumerudi pamoja, tukazungumzia bei ya mahindi.

Jumamosi, 25 Novemba

Kesho.

Mchana Claudine aliingia chumba cha cherehani, akauliza: shati lako la kule liko wapi, nikunyooshee. Nilimtazama kuona kama ni kejeli. Haikuwa. Aliwasha pasi ya mkaa, akalinyoosha kola, mikono, mgongo, akakaza na kifungo kimoja kilicholegea. Akasema rangi hii haikufai, inakufanya uonekane mgonjwa wa tumbo. Akalitundika nyuma ya mlango. Lile la kwetu hakulitoa sandukuni. Hakuligusa.

Nikamwambia Claudine, sema unachotaka. Akasema yeye hataki kitu, mtu mzima hashikwi mkono kwenda kuimba. Akaenda jikoni.

Saa mbili usiku sasa. Naandika chumbani. Shati limening'inia pale, limenyooka kama la bwana harusi, silitazami.

Anaimba jikoni, ule wimbo wake. Nadhani anaosha vyombo. Ameanza soprano, akachukua alto, akajibu mwenyewe sehemu ya tena kwa sauti yake nyembamba. Akafika pale pa besi. Akanyamaza. Hata vyombo vimenyamaza.

Ameanza tena kutoka mwanzo. Soprano. Alto. Tena. Amenyamaza pale pale. Safari hii amesubiri zaidi, nimesikia maji yakidondoka kwenye sufuria.

Haniiti. Najua hataniita. Ntirampeba ni mtu mwema, na saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amesimama mwaloni.

Ameanza mara ya tatu. Anakwenda polepole. Soprano. Kalamu hii nitaiweka wapi — alto — nimeshajaza kifua pumzi bila kujua — tena wanajibu sasa, na